Jicho la mbwa aliyetoka kuoshwa lisitiwe dawa ya kabatini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme jambo ambalo safu ya mifugo ya gazeti lako, pamoja na uzuri wake wote, haijaligusa kwa muda niliokuwa msomaji. Ng'ombe wanaandikwa, mbuzi wanaandikwa, na kuku wa kienyeji wameandikwa mpaka hata sisi wa mjini tusio na banda tunajua habari za kideri. Mbwa hutajwa siku ya chanjo ya kichaa, kisha husahauliwa kama mlinzi wa zamu aliyekwenda kulala. Ninachotaka kusema kinahusu jicho lake, na hasa jicho linalokuwa jekundu na kutoa machozi saa chache baada ya mbwa kuogeshwa, kunyolewa au kuchanwa manyoya. Nimejifunza kwa gharama kwamba jicho hilo huharibiwa zaidi na kile tunachokitia baadaye kwa nia njema kuliko sabuni iliyoingia mwanzoni.

Hapa Kigoma mjini, kuanzia Mwanga mpaka Gungu, wapo vijana wanaoosha pikipiki asubuhi na kuosha mbwa mchana. Siwabezi, kwani ni kazi halali, na wanaifanya kwa bei ambayo mstaafu kama mimi anaimudu. Kazi yao imeongezeka kwa sababu mbwa wenye manyoya marefu wameongezeka: wageni wanaohudumia makambi ya wakimbizi huko Kasulu na Kibondo huja na mbwa au hununua wakifika, na mkataba ukiisha mbwa hubaki na mwenye nyumba, na mlinzi, au na mtu yeyote mwenye huruma. Bobi wangu nilimpata kwa njia hiyo. Ni mbwa mdogo, mweupe, mwenye nywele zinazoshuka usoni kama pazia, na macho yaliyotokeza kidogo. Mbwa wetu wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi na macho yaliyozama, hapati sana taabu hizi, na nadhani ndiyo maana wazee wetu hawakutuachia maarifa yoyote juu yake.

Kijana niliyemwita alimwosha Bobi uani kwangu Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, kipindi ambacho vumbi jekundu la kwetu huingia hata kwenye chujio la chai. Alimpunguza manyoya kwa mkasi na mashine ya kunyolea, akamsugua kwa kipande cha sabuni ya mawese, kisha akammwagia maji kwa kopo kuanzia utosini hadi mkiani, nami nikiwa nimeketi barazani namsifia kwa kazi nzuri. Ilipofika magharibi, Bobi alikuwa amefumba jicho la kulia. Alilisugua kwa mguu wa mbele, akachoka, akaanza kuliburuza shavu lake kwenye mkeka kana kwamba anafuta kitu kisichofutika. Nilipomshika kichwa na kulifunua, niliona weupe wa jicho umekuwa mwekundu, na kutoka kwenye kona ya pembeni mwa pua ulikuwa umepanda utando wa rangi ya waridi uliofunika theluthi ya jicho. Nilidhani ni uvimbe. Baadaye nilielezwa kwamba ni kope la tatu, ambalo kila mbwa anazaliwa nalo, na kwamba likijitokeza ghafla kwenye jicho moja mara nyingi ni alama kuwa jicho linauma.

Ushauri ulikuja haraka kuliko maji. Jirani mmoja alisema nimkamulie maziwa ya mama anayenyonyesha, mwingine akapendekeza majani ya chai yaliyopoa, na wa tatu, mtu ninayemheshimu sana, akaniletea asali. Vyote nilivikataa kwa kujiona mjuzi, nikaenda kabatini na kutoa kichupa cha matone ya macho nilichoandikiwa mwenyewe mwaka uliotangulia kwa ajili ya mzio. Nilimdondoshea Bobi matone mawili, asubuhi na jioni. Siku ya pili wekundu ulipungua, nikajipongeza. Siku ya nne, kwenye mwanga wa dirishani, niliona juu ya kioo cha jicho doa la rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, ukubwa wake kama punje ya mtama. Jirani akasema ni mtoto wa jicho, mwingine akasema ni chamba.

Mtoto wa jicho hukaa kwenye lenzi, nyuma ya mboni, na doa lile lilikuwa mbele, juu kabisa, kwenye ile ngozi angavu iitwayo konea. Tofauti hiyo nilionyeshwa na daktari wa mifugo aliyekuja nyumbani siku hiyohiyo. Alimfunga Bobi mdomo kwa ukanda wa kitambaa, kwa maelezo kwamba mbwa mpole kuliko wote huuma akiguswa panapouma, akamdondoshea tone moja la kufisha ganzi, kisha akatoa kikaratasi chembamba chenye ncha ya rangi ya machungwa, akakilowesha na kukigusisha kwenye jicho kwa ndani ya kope la chini. Rangi ilitapakaa na machozi. Alipomulika kwa tochi yenye mwanga wa buluu, jicho zima lilibaki giza isipokuwa mahali pa lile doa, ambapo palikuwa na mchirizi wa kijani uliong'aa kama kimulimuli. Rangi hiyo, aliniambia, haishiki kwenye konea isiyo na jeraha. Hushika pale tu ambapo tabaka la juu limechubuka. Kisha akalivuta lile kope la tatu kwa ncha ya pamba iliyoloweshwa, akatoa nyuma yake unywele mweupe mmoja, mfupi, uliokatwa kwa mkasi, mgumu kama mwiba wa dagaa. Kwa siku nne nzima, kila Bobi alipopepesa, unywele ule ulikuwa ukimkwaruza palepale.

Ndipo akaomba kukiona kichupa changu. Alisoma kibandiko na kunionyesha kwa kidole neno ambalo sikuwahi kulitilia maanani: deksamethasoni. Dawa za jamii hiyo, ambazo ni pamoja na haidrokotisoni na prednisoloni, hupunguza wekundu kwa kutuliza ulinzi wa mwili wenyewe, na kwa jicho lenye mzio zinafaa. Kwa jicho lenye mchubuko ni hatari, kwa sababu zinachelewesha tabaka la juu kujifunga, zinawapa bakteria nafasi, na zinaweza kuufanya mchubuko mdogo uwe kidonda kinachochimba. Konea ya mbwa haifiki unene wa milimita moja, kwa hiyo hakuna kina cha kuchezea. Kidonda kikipenya, jicho linaweza kupotea. Kule kupungua kwa wekundu siku ya pili, nilikokuita nafuu, kulikuwa ni dalili kufunikwa huku ugonjwa ukiendelea chini yake. Isitoshe, kichupa cha matone kikishafunguliwa kwa kawaida hakitakiwi kutumika baada ya majuma manne hivi, nami nilikuwa na changu tangu mwaka jana.

Ningependa wasomaji wenzangu wajue nilichopaswa kufanya jioni ile, kwa kuwa hakihitaji fedha. Mbwa akitoka kuoshwa na jicho likawa jekundu, la kwanza ni maji, tena mengi. Maji ya bomba yaliyo safi yanatosha kuanzia, wala mtu asisubiri kuchemsha huku jicho linaungua. Baada ya hapo unaweza kuchemsha nusu lita, ukatia robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi safi ya mezani isiyo na mchanga (sisi majirani wa Uvinza chumvi haitupigi chenga), ukaacha yapoe kabisa, na kuyamimina taratibu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kutoka kona ya ndani kuelekea nje, mtu mwingine akiwa ameshika kichwa. Maji ya dripu ya chumvi yanayouzwa kwenye maduka ya dawa yana kipimo hichohicho, gramu 9 kwa lita, nayo ni bora zaidi kwa kuwa hayana vijidudu. Maji ya ziwa, hata yakiwa maangavu namna gani kule Kibirizi, si ya kuoshea jicho lililochubuka, isipokuwa kama kitu kikali kimerukia machoni na hakuna mengine karibu; hapo utatumia yaliyopo.

Tongotongo na nywele zilizolegea ufute kwa kitambaa laini kilicholowa, kwa nje ya kope tu, na kila jicho kitambaa chake. Usiingize kibano wala ncha ya leso kutafuta unywele. Maji yakishindwa kuutoa, mwachie mwenye ujuzi, kwa sababu mkono wako ukiteleza utaongeza mkwaruzo wa pili juu ya wa kwanza.

Baada ya kusuuza ndipo utazame, na hapa ndipo penye uamuzi. Jicho lililochomwa na sabuni ya kawaida aghalabu huwa jekundu pamoja na mwenzake, hutoa machozi maangavu, lakini mbwa hulifungua, na huendelea kupata nafuu hadi kesho yake bila dawa yoyote. Jicho lililochubuka mara nyingi ni moja. Mbwa hulibana, hukwepa mwanga, hulisugua bila kukoma, na kope la tatu hupanda. Ukiona hayo, au ukiona ukungu, usaha wa njano au wa kijani, damu, au mboni ya upande mmoja isiyolingana na ya pili, usilale nalo. Mwite mtaalamu siku hiyohiyo. Mchubuko wa juujuu, ukitunzwa, kwa kawaida hujifunga ndani ya juma moja, na ukizidi hapo bila kupona mara nyingi maana yake kuna kitu bado kinaukwaruza au vijidudu vimeshaingia.

Niseme pia juu ya sabuni yetu wenyewe, ingawa najua nitawaudhi baadhi ya jamaa zangu wanaoipika. Sabuni ya mawese hutengenezwa kwa mafuta na kostiki soda. Ikipimwa vizuri na kuachwa ikomae, kostiki huisha ndani ya mafuta na sabuni inakuwa nzuri, mimi mwenyewe naitumia kuoga. Lakini ile inayopimwa kwa kukadiria na kuletwa sokoni ingali mbichi hubaki na ukali, na ukali wa namna hiyo ni mbaya kwa jicho kuliko hata tindikali ya ndimu, kwa sababu hauishii juu: huyayeyusha mafuta yaliyomo katika chembe za jicho na kuzama ndani, yaani hufanya jichoni kazi ileile uliyoifanya ndani ya pipa. Mche unaowasha mikono ya mwoshaji usifike kabisa kwenye uso wa mbwa.

Kubwa kuliko sabuni ni dawa ya kupe. Wengi wetu tunawaogesha mbwa kwa dawa za ng'ombe, amitrazi au sipamethrini, tukizichanganya kwa kofia ya chupa badala ya kipimo. Dawa hiyo ikirukia jichoni, suuza kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ukitazama saa, maana dakika 15 za kushika mbwa anayelia ni ndefu sana na kila mtu huacha kwenye ya tatu. Kisha mpeleke kwa mtaalamu pamoja na chupa yenyewe ili asome kibandiko. Mbwa akianza kusinzia kupita kiasi, kutokwa mate au kutetemeka, ujue sumu imekwishaingia mwilini na jicho si shida yako kubwa tena.

Turudi kwa Bobi. Daktari aliagiza matone ya kiuavijasumu mara nne kwa siku, na ya pili ya kupunguza maumivu, akasisitiza nipitishe dakika tano kati ya dawa na dawa, la sivyo tone la pili linalifukuza la kwanza. Nilimsihi aniachie na kile kichupa cha ganzi, kwa vile nilikuwa nimeona kwa macho yangu jinsi Bobi alivyofungua jicho na kutulia mara tu alipodondoshewa. Alikataa katakata. Ganzi ile, ikirudiwa, huzuia kidonda kufunga, na mbwa asiyesikia maumivu hujikwaruza bila breki. Nilinuna kidogo, lakini alikuwa na haki.

Kazi ngumu ilikuwa kumzuia asijisugue. Kola za plastiki zenye umbo la faneli sikuzipata dukani hapa mjini, basi tulichukua ndoo ndogo ya rangi iliyooshwa vizuri, tukakata tundu la shingo kwenye kitako, tukazungushia ukingo kwa kitambaa cha kanga kuukuu ili usimkate, na kuifunga kwenye mkanda wake. Kwa siku mbili za kwanza alitembea akigonga kila mlango, wajukuu wakamwita Mnara. Siku ya tatu aliizoea, akawa anakula akiwa ameifunika sahani yote kwa ndoo kama mtu anayeficha mboga. Baada ya siku kumi daktari alirudi na kikaratasi chake, akamulika, na hapakung'aa kitu.

Kwa vijana wanaoosha, naomba wasifukuzwe wala wasitukanwe, bali waelekezwe. Uso wa mbwa uoshwe mwisho, kwa kitambaa kilicholowa, bila sabuni. Maji yamwagwe kuanzia shingoni kwenda nyuma, kichwa kikiwa kimeinuliwa, na siyo kuanzia utosini. Nywele za karibu na macho zikatwe kwa mkasi wenye ncha butu, mkasi ukilala sambamba na kope na kamwe usielekezwe jichoni, na baada ya kukata zifutwe kabla mbwa hajapepesa mara mia. Zikatwe fupi vya kutosha au ziachwe ndefu: urefu wa katikati, unaosimama kama brashi na kuchoma konea, ndio mbaya kuliko yote. Na akimaliza, amtazame mbwa macho yote mawili mbele ya mwenyewe kabla hajapokea malipo. Kijana wangu wa siku ile nilimwita tena, tukazungumza, na sasa anafanya hivyo.

Kwa maduka ya dawa nina neno moja. Dukani nilikokwenda kabla ya kumwita daktari, ambalo sitalitaja, niliuliza kama naweza kuendelea na matone yale, na muuzaji akanipa kichupa kipya cha aina ileile bila kuniuliza ni jicho la nani wala limepatwa na nini. Swali moja tu lingetosha. Na kwa halmashauri zetu, maofisa mifugo wa kata wana mabegi ya chanjo na ya kuhasi. Vile vikaratasi vya rangi ni vyembamba, havina uzito, na vinahudumia jicho la ng'ombe na la mbuzi sawasawa na la mbwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatutaka wenye wanyama tusiwaache wateseke, nasi tuko tayari, ila ofisa wa kata akija mikono mitupu atabaki kubahatisha kama nilivyobahatisha mimi.

Naomba basi, Ndugu Mhariri, safu yako ya mifugo imtafute daktari wa mifugo aeleze mambo haya kwa ufasaha kuliko mimi, hasa majina ya zile dawa ambazo hazifai kutiwa kwenye jicho kabla ya kupimwa kwa rangi, ili msomaji akate kipande hicho cha gazeti na kukibandika ndani ya mlango wa kabati. Changu nimekiandika kwa mkono na kukibandika. Bobi anaona vizuri, ingawa ukimsimamisha dirishani asubuhi, jua likiwa bado halijafika upande wa ziwa, utaona kwenye jicho la kulia alama ndogo ya kijivu, pale unywele ulipokuwa.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Mwanga, Kigoma.